Sekunde Nne za Mwanzo

Kajiru Mbonea hakuwa na shahada. Hakuwa na stashahada wala karatasi yoyote yenye muhuri wa chuo. Hakuwa na shamba la kahawa kama wenzake wa rika lake, hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele upande wa juu, na hakuwa na mtoto aliye karibu, maana Nanzia, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Kigoma. Hakuwa na koti jeupe. Katika Kituo cha Chipuko, mahali ambapo kila mtu mwenye maana alivaa koti jeupe, yeye alivaa suti ya kahawia aliyoshonesha mwaka aliomaliza masomo ya jioni, akiwa na miaka arobaini na mitatu, na ambayo alikuwa ameipiga pasi kila siku ya kazi tangu hapo.

Alichokuwa nacho ni sauti.

Kila alfajiri, saa kumi na mbili kamili, sauti yake ilizungumza kutoka kwenye mapaja ya watu mia mbili na kumi na wawili katika vijiji vyote vya upande huu wa mlima. Ilitoka kwenye kiraka chembamba kilichobandikwa juu ya goti, nayo ilisema neno lile lile, taratibu, kama jamaa aliyepita njia akasimama mlangoni: "Habari ya goti leo?"

Na watu mia mbili na kumi na wawili, wengine bado wamejifunika shuka, walimjibu.

Jumanne ya wiki hiyo Senzota Mchome alikuja kituoni bila kuitwa.

Kajiru alimwona kupitia dirisha la chumba chake kidogo karibu na mlango, chumba kilichoandikwa MSIMAMIZI WA MAJIBU. Senzota alikuwa mpagazi wa mlimani, mmoja wa wagumu, kama wanavyojiita wenyewe. Theluji ilikuwa imekwisha kileleni miaka mingi, lakini wageni waliendelea kuja kupaona ilipokuwa, na mashine za kubebea zilikuwa zimepigwa marufuku kwa sababu ziliuchimba udongo. Kwa hiyo mizigo ilipanda kwa migongo ya watu kama zamani, na magoti yalikwisha kama zamani. Senzota alizipanda ngazi tatu za kituo ubavu ubavu, mkono ukutani, mguu wa kulia akiuvuta nyuma kama mzigo wa mtu mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Senzota. Habari ya goti?"

"Nzuri kabisa, mzee wangu." Akakaa. Mguu ukabaki umenyooka mbele yake kama mchi. Alijipangusa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. "Ila sasa halikunji."

"Halikunji vipi?"

"Halikunji tu. Tangu Alhamisi. Na ndani linawaka, utasema mtu kaacha kaa la moto. Jana nikamwambia mama watoto, hebu nivute kidogo labda litaachia. Kavuta. Nimepiga yowe mpaka jirani kaja kuuliza nani kafa." Akacheka. Kicheko hakikufika machoni.

Kajiru aligeukia kioo cha mashine yake. Kundi la kwanza, mgonjwa wa tisa. Leo ilikuwa siku ya thelathini na sita tangu Senzota adungwe sindano ya goti. Kulikuwa na safu thelathini na sita, na katika kila safu namba moja: sifuri. Hakuna maumivu.

"Kiraka hukukiambia?"

"Nimekiambia kila siku!" Senzota alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe mwenyewe ndiye unaniuliza? Nami nakujibu: nzuri mzee, namshukuru Mungu, sijui ninyi huko, mama hajambo? Halafu ndipo nakwambia linauma. Salamu kwanza, halafu nakwambia leo limezidi. Nikasema, mzee kanisikia, anafanya mpango."

Kajiru alizipitia safu zote tena, moja moja. Kidole chake kikaishia kwenye ile sifuri ya mwisho.

*

Sindano yenyewe ilikuwa kitu rahisi kukieleza, na Kajiru alikuwa ameieleza mara nyingi kwa wagonjwa waliokuwa wakiogopa. Walichukua damu ya mtu, wakaizungusha mpaka ikajitenga, na kwenye utando wa katikati wakatoa chembe ambazo walizifundisha kuwa changa tena. Waliziita chipukizi. Zikidungwa kwenye goti lililosagika, ziligeuka gegedu jipya, lile tabaka laini linalozuia mifupa kusuguana. Zikidungwa kwenye kidonda kilichogoma kupona, ziligeuka nyama na ngozi. Jambo ambalo hazikujua ni kuacha. Chipukizi zilizoachwa zishibe zingeendelea kujaza goti mpaka pasibaki nafasi ya goti kukunjika.

Ndiyo maana kukawa na kiraka. Kila asubuhi kiraka kilitoa tone la kuzilisha. Mtu akisema haumwi, tone lilitoka zima. Maumivu yakifika nne katika kumi, tone lilipungua, na yakifika saba kiraka kilijifunga na kuita daktari. Wataalamu walijaribu kwanza kuisoma mishipa ya fahamu moja kwa moja, lakini mishipa nayo ilikuwa ikiota upya, ikipiga kelele bila sababu. Mwenye goti peke yake ndiye aliyejua kama linauma. Ilibidi aulizwe.

Na kulikuwa na siku arobaini. Kabla ya siku ya arobaini kwisha, sindano ya kuzima ingeweza kuziua chipukizi zote na kulirudisha goti lilivyokuwa, bovu lakini la kukunjika. Baada ya hapo kilichoota kiligeuka mfupa.

Swali walilolileta watengenezaji lilikuwa fupi: "Maumivu ya goti, sifuri hadi kumi?" Kajiru aliajiriwa kulisoma kwenye kinasa sauti, basi. Lakini yeye alisimama mbele ya makoti meupe yote akasema, kwa Kiswahili alichokipata kwa taa ya masomo ya jioni, kwamba mtu mzima haulizwi hivyo alfajiri. Hajaamka vizuri, hajasalimiwa, unamrukia na namba? Atakuona huna adabu, na hatakujibu. Muulizeni kama mtu. Walikubali. Daktari mkuu alimpigia makofi. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizopata kwenye suti ile.

Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza, kwamba kiraka kilinasa dakika nzima ya sauti lakini kilihesabu sekunde nne za mwanzo tu, na jibu jema ndani yake kikaliandika sifuri. Betri ilikuwa ndogo. Huko kilikotengenezwa, walikuwa wamepima wakaona kwamba mtu husema la maana kwanza, halafu ndipo huendelea na porojo.

Baada ya kumlaza Senzota kwenye chumba cha mapumziko, Kajiru alifunga mlango wake na kufungua sauti za kundi la kwanza. Walikuwa watu kumi na tisa. Hakuwahi kuwasikiliza. Kazi yake ilikuwa kuzisoma namba.

"Habari ya goti leo?" iliuliza sauti yake.

"Nzuri, baba, tunashukuru." Mwanamke wa makamo, mchuma chai. Sekunde ya nne ikapita, taa ya kuhesabu ikazimika, sifuri ikajiandika. Kisha kimya kirefu, na sauti ile ile, chini zaidi: "Linauma, baba. Jana nimeshindwa kuchuchumaa chooni. Nimejisikia aibu."

Akafungua nyingine.

"Salama kabisa, mzee, sijui wewe? Umeamkaje? Haya." Taa ikazimika. "Sasa sikiliza, hili goti mlilonipa mmelitengeneza la saruji?"

Nyingine tena. Kijana aliyejibu "poa" kwa kiburi kila siku, na siku ya thelathini na tano alijibu "poa" kisha akalia mpaka dakika ikaisha.

Kumi na watatu kati ya wale kumi na tisa walikuwa wazima kweli. Mmoja aliimba. Sita hawakuwa wazima. Kajiru aliandika majina yao sita kwenye daftari, kwa herufi kubwa, na chini ya kila jina kijiji, tarehe na maneno yenyewe. Kisha alihesabu siku kwa vidole, ingawa alikwisha kulijua jibu: siku ya arobaini ya kundi la kwanza ilikuwa Jumamosi.

Alisikiliza salamu yake mwenyewe mara moja zaidi. Ilikuwa sauti nzuri. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri ambaye angeijibu "mbaya."

*

Daktari Restituta Lyamuya, mkuu wa kituo, alimkuta akisubiri ofisini kwake saa saba mchana. Alikuwa na umri wa kuwa binti yake, na kila siku alimsalimu kwanza.

"Shikamoo mzee Kajiru."

"Watu sita wa kundi la kwanza wanaumwa, Daktari. Wanasema kila siku. Kiraka hakiwasikii."

Daktari alisimama na mkono kwenye kitasa. Hakuitikiwa salamu, na jambo hilo peke yake lilimfanya afunge mlango nyuma yake.

Kajiru alimweleza yote. Alimwekea sauti mbili. Ya tatu daktari aliinua kiganja.

"Basi. Nimesikia." Akakaa. Alifumba macho, akayasugua kwa vidole. "Makundi mengine?"

"Sijayamaliza. Yatakuwa hivyo hivyo. Ila hao bado wana muda. Hawa sita wana mpaka Jumamosi."

"Kesho asubuhi nabadilisha swali. Namba tupu, sifuri hadi kumi, bila salamu. Makundi yote yaliyobaki yatapona hapo hapo."

"Na hawa sita?"

"Mzee wangu." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtisha Kajiru kuliko ukali. "Friji ya sindano za kuzima ikifunguliwa, Bodi ya Tiba Hai inapata taarifa dakika ile ile. Ni mashine inayopeleka, si mimi. Wakiona sindano sita kwa mkupuo wanafunga kituo. Bodi inakaa Jumatano ya wiki ijayo kutupa leseni ya nchi nzima. Nina watu elfu nne kwenye orodha. Elfu nne! Wengine wanatambaa. Unataka niwaambie subirini mwaka, labda miwili, labda basi?"

"Sitaki uwaambie hivyo."

"Unataka nini?"

"Watu sita wanakwenda kuwa na miguu ya mti. Mimi ndiye niliyewauliza."

Daktari alifungua droo, akatoa karatasi moja na kuigeuza ili Kajiru aisome. Ilikuwa orodha ya Ijumaa. Jina lilikuwa moja tu: Nakijwa Mbonea, mke wake. Kidonda cha mguu wa kushoto, kisukari.

"Niliomba kibali maalumu kwa ajili ya mama," daktari alisema. "Kilitoka jana. Nilitaka nikwambie leo kwa furaha. Hospitali ya mkoa wamepanga kuukata lini?"

"Jumatatu."

"Nikimdunga Ijumaa, hawatakata. Kidonda kile kinafunga ndani ya wiki tatu, umekiona mwenyewe kwa wengine. Kituo kikifungwa kabla ya Ijumaa, hakuna sindano ya chipukizi inayotoka, hata ya mke wako. Si mimi ninayetisha, mzee. Ndiyo sheria yao."

Kajiru alitazama jina la mke wake. Lilikuwa limeandikwa vizuri.

"Ningeweza kuwapigia simu," alisema polepole.

"Bodi? Kwa sauti gani?" Daktari hakucheka. Alionekana amechoka sana. "Ya kwako ninayo hapa kwenye mashine. Mtu yeyote anaweza kuifanya iseme lolote. Unajua ndiyo maana hawapokei sauti tena. Wanapokea karatasi, mwandiko wa mkono na dole gumba. Nani anaandika barua siku hizi?" Alisimama. "Nenda nyumbani. Kaa na mama. Ijumaa mlete saa mbili, asile kitu."

Kajiru alipofika mlangoni, daktari akasema nyuma yake, karibu kwa kunong'ona, "Si kosa lako. Ni adabu tu."

*

Nakijwa alikuwa amekaa ukumbini, mguu wa kushoto juu ya kigoda, umefungwa kitambaa. Kwa miaka thelathini alikuwa mpima mizigo kwenye lango la mlima. Kilo ishirini ndiyo sheria, na hakuna mpagazi aliyepita kwake na ishirini na moja. Waliomba, walitania, walimwita mama mkwe, walimwita serikali, yeye aliisoma mizani kwa sauti na kusema, "Imezidi. Toa." Wagumu wote walimjua, na alijua mgongo wa kila mmoja.

"Umerudi mapema, Baba Nanzia. Wamekufukuza?"

Kajiru hakuvua koti. Alisimama katikati ya chumba.

"Maumivu ya mguu. Sifuri hadi kumi."

"Hee!" Nakijwa alimtazama juu mpaka chini. "Hata salamu? Umeingia kama polisi."

"Nijibu tu, mke wangu."

"Mguu haujambo."

"Namba."

Alikuwa akitabasamu, na tabasamu likaisha kidogo kidogo. Aligeuzia uso dirishani.

"Tisa," alisema.

Miezi minane Kajiru alikuwa amemuuliza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na miezi minane alikuwa amejibiwa kwamba mguu una nafuu. Alikaa. Akamweleza yote: Senzota, sekunde nne, ile friji, Jumamosi. Ya Ijumaa aliyasema mwisho, na alipoyasema hakumtazama.

Nakijwa alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza kitu kimoja.

"Hao sita ni akina nani?"

Akamsomea daftari. Kwa kila jina Nakijwa alitikisa kichwa kukubali kwamba anamjua. Kwa jina la yule kijana aliyelia akasema, "Huyo nilimrudisha mara tatu siku moja. Mara tatu! Alificha jiko la gesi kwenye mkoba." Kisha, baada ya muda, "Kwa hiyo ni Kiswahili chako kizuri."

"Ndiyo."

"Ulirudi siku ile umevimba kama chapati. 'Nimewafundisha adabu, Mama Nanzia.' Nikakupikia kuku."

"Nakumbuka."

"Mimi nilikaa kwenye mizani miaka thelathini. Siku nyingine mtu anapita ana homa, namwona anatetemeka. Namuuliza hali, ananiambia safi mama. Kwa hiyo sikuwauliza hali. Niliuliza mizani."

Nje jirani alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilimfanya Nakijwa afumbe macho kidogo. Kajiru aliliona hilo kwa mara ya kwanza. Labda lilikuwapo siku zote.

"Ningeweza kungoja," alisema. "Udungwe Ijumaa, niipeleke barua saa hiyo hiyo. Lakini ofisi zao zinafungwa Ijumaa jioni. Ingesomwa Jumatatu."

"Na Jumamosi imepita."

"Imepita."

"Nawe unataka nikwambie andika." Sauti yake ilipanda. "Unataka niseme, nenda mume wangu, mimi mguu siutaki. Sisemi! Nautaka. Nataka kwenda sokoni kwa miguu yangu, nataka kumwona mjukuu wangu Kigoma kabla hajaota ndevu. Mguu ni wangu, Kajiru, lakini salamu ilikuwa yako. Usiniletee."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tupu tangu Nanzia azaliwe.

Kajiru alivua koti, akalitundika. Alitoa karatasi kwenye kabati, zile alizonunua zamani za masomo na kuzitunza, na kalamu ya wino. Akakaa mezani. Alikuwa akijivunia kuandika barua nzuri, yenye utangulizi, na mkono wenyewe ulikwisha kuanza: *Kwa heshima na taadhima, natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa*

Akasimama hapo. Akaikunja karatasi, akaiweka pembeni. Akaanza nyingine.

*Watu sita wanaumia na nyinyi mmeandikiwa kwamba hawaumwi. Fungueni friji ya Kituo cha Chipuko kabla ya Jumamosi.*

Ndipo akaendelea, aya kwa aya. Majina sita na vijiji vyao. Sekunde nne. Tarehe ambayo kila mmoja alianza kusema, na maneno aliyosema baada ya taa kuzimika. Aya ya tano ilimchukua muda mrefu kuliko zote: *Swali la asili lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyelibadilisha, kwa kujiona najua. Daktari mkuu amekusudia kulirekebisha kuanzia kesho, lakini halitawafikia hawa.* Aya ya sita aliomba makundi mengine yote yasikilizwe kwa dakika nzima.

Halafu akaandika aya ya saba.

Jua lilikuwa bado kwenye ukuta wa jiko alipoiweka kalamu.

"Soma," Nakijwa alisema. Alikuwa hajatoka pale alipokuwa.

Akasoma. Alisoma kwa ile sauti ambayo watu mia mbili na kumi na wawili waliijua, ila safari hii ilikwama mara mbili. Nakijwa alisikiliza macho yakiwa yametazama mbele, kama mtu anayengoja mshale wa mizani utulie.

"*Saba,*" Kajiru alisoma. "*Naomba kwa unyenyekevu kwamba, kama itawezekana, sindano moja iliyokwisha kupewa kibali kwa ajili ya mke wangu Nakijwa isihesabiwe katika*"

"Imezidi," Nakijwa alisema. "Toa."

Kajiru aliinua kichwa.

"Wataisoma hiyo, watasema mzee analilia mke wake, hayo mengine ni ya kusindikiza. Watu sita watakaa kwenye meza wiki mbili wakisubiri Bodi ikubaliane kuhusu mimi." Sauti yake ilikuwa ile ya langoni. "Nimesema toa."

"Mama Nanzia."

"Sijasema nimekubali. Nimesema imezidi."

Aliinakili barua upya, mwanzo hadi mwisho, aya sita. Alikipaka kidole gumba wino na kukikandamiza chini ya jina lake. Bahasha ilikuwa ya miaka mingi na gundi yake ilikuwa imekauka, alipoilamba haikushika. Nakijwa alinyoosha mkono kwenye sahani ya mchana iliyokuwa kando yake, akamega tonge dogo la ugali uliopoa, akalifinyanga kati ya vidole mpaka likalainika, akampa. Kajiru alilipaka kwenye ukingo, akakunja, akaegemeza kiganja chake juu yake. Baada ya muda Nakijwa alisema, "Lete huku, unabonyeza kama unabembeleza mtoto," akaiweka juu ya goti lake zima na kuikandamiza kwa ngumi mpaka ikashika.

*

Treni ya makao makuu ilikuwa ikiondoka saa nne asubuhi, na mfuko wa Bodi ulifungwa saa tatu na nusu. Kilichoingia humo Jumatano kilikuwa mezani kwao Alhamisi kabla ya chai. Kajiru alifika posta saa tatu na dakika ishirini, suti ya kahawia imepigwa pasi.

Njiani alikuwa amempita Senzota, amekaa kwenye benchi nje ya kituo, mguu umenyooka. Alikuwa amempungia mkono na kuita, "Mzee, leo umeniuliza kwa namba! Nimekwambia tisa, kiraka kikapiga king'ora, kikajifunga!" Alikuwa na furaha. Hakujua kwamba kujifunga peke yake hakutoshi. Kilichokwisha kuota kilikuwa ndani, kikingoja Jumamosi.

Karani wa posta alikuwa peke yake. Siku hizi hakuna aliyekuja. Aliipokea bahasha, akaigeuza kwa mshangao, akaona chembe ya ugali kwenye mshono, akaifuta kwa ukucha. Akasoma anwani, na uso wake ukabadilika kidogo. Barua ya Bodi kwa mkono: kila mtu alijua ni ya nini.

"Inafika kesho asubuhi, mzee," alisema. Kisha, akiitafuta mihuri kwenye droo, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mikono ikiwa na kazi: "Habari za nyumbani?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekuja lenyewe, la mviringo na jepesi, kama lilivyokuja kwa miaka sitini na tisa. Kajiru aliufunga mdomo juu yake.

"Mbaya," alisema.

Karani aliacha kutafuta. Alimtazama mzee yule usoni, kwa muda mrefu kuliko sekunde nne, akingoja yafuatayo. Hayakufuata. Basi akavuta muhuri, akaugonga juu ya bahasha mara moja, kwa nguvu, akaitumbukiza kwenye mfuko na kuukaza uzi.